Asiyeamini Mungu si mwabudu shetani



Makarani wa sensa walipobisha hodi majumbani mwetu mwezi wa Agosti mwaka 2019, mojawapo ya maswali waliyouliza lilihusu dini. Hesabu zilipotoka, Wakenya 755,750 walikuwa wameandikwa katika kundi la wasio na dini. Katika sensa ya mwaka 2009 kundi hilo lilikuwa na watu 922,128. Kwa kadiri ya watu wote nchini hiyo ni sehemu ndogo sana, haifiki hata watu wawili katika kila mia. Lakini watu laki saba na nusu ni wengi kuliko wakazi wa miji yetu mingi, nao si wageni waliotua jana uwanja wa ndege. Ni jirani yako wa ghorofa ya tatu, ni mwalimu wa hesabu wa mtoto wako, ni yule binti wa benki anayekuhesabia pesa bila kukosea hata senti.

Bila shaka si wote katika hao wanaosema kwamba Mungu hayupo. Wako ambao hawana kanisa wala msikiti, na hawajui mara ya mwisho walisali lini, lakini ukiwauliza kama Mungu yupo watakushangaa kwa kuuliza. Hao si ninaotaka kuwazungumzia leo. Nataka kuwazungumzia wale ambao hawaamini kabisa kuwa yuko Mungu, wawe wengi au wachache, kwa sababu naona tunawasema sana na kuwajua kidogo. Mimi mwenyewe ni mtu wa kusali, na nasema hivyo mapema ili mtu asipoteze nauli ya kuja studio kuniombea.

Tuanze na jina tunalowapa. Katika Kiswahili chetu mtu huyu huitwa mkanamungu. Lisikilizeni neno hilo vizuri. Kukana ni kukataa jambo ambalo lipo na wewe unalijua. Anayekana deni ni mtu aliyekopa. Anayekana mtoto, aghalabu ni baba wa mtoto huyo. Petro alimkana bwana wake mara tatu, naye alikuwa amekula naye jioni ile ile. Kwa hiyo tunapomwita mtu mkanamungu tumekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa: tumesema kwamba anajua Mungu yupo, ila amefanya kiburi, au ana madhambi anayoyaficha, au ana hasira kwa kuwa aliomba kitu akanyimwa. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Anasema, sijaona sababu ya kuamini. Huwezi kuwa na hasira na mtu ambaye unaona hayupo.

Na hata miongoni mwao hawasemi kauli moja. Yuko anayesema kwa uhakika kwamba Mungu hayupo, kama vile wewe unavyosema kwa uhakika kwamba yupo. Yuko asemaye tu kwamba hajasadiki, na aliye na ushahidi aulete. Yuko pia anayesema kwamba jambo hili binadamu hawezi kulijua, liwe lipo au halipo. Huyo wa mwisho alitungiwa neno lake la Kiingereza mwaka 1869 na Thomas Huxley, mwanasayansi wa Uingereza. Kwa Kiswahili bado hatujampa jina lililozoeleka, nasi huwafunga wote katika tita moja.

Majina mengine tuliyo nayo ni mabaya zaidi. Mpagani lilitokana na neno la Kilatini la mtu wa shamba, yaani mshamba asiyefikiwa na dini ya mjini. Tuliwaita hivyo mababu zetu, ambao hawakukosa Mungu hata siku moja. Mkikuyu alimwita Ngai na Mmasai alimwita Enkai kabla mmisionari hajapanda meli. Kafiri nalo lina maana yake katika Qurani na kwa wanazuoni, lakini mitaani limekuwa tusi la kumtupia yeyote asiye wa kwetu.

Jambo ambalo Wakristo wengi hawalijui ni kwamba tusi hili liliwahi kuwaangukia wao. Katika himaya ya Warumi, Wakristo walikataa kuitolea sadaka miungu ya dola, na kwa ajili hiyo wakaitwa watu wasio na Mungu. Justin Mfiadini, katika karne ya pili, alilazimika kuandika utetezi juu ya shtaka hilo hilo, akakubali kwamba kwa miungu ile ya Warumi ni kweli hawaamini. Polikapo, askofu mzee wa Smirna, mji ambao siku hizi ni Izmir katika Uturuki, aliletwa uwanjani akaamriwa awalaani wasioamini Mungu, maana yake Wakristo wenzake. Mzee akautazama umati uliojaa uwanja, akaunyoshea mkono, akawalaani hao. Wakamchoma moto. Basi mwenye kulitupa neno hili leo akumbuke lilikotoka.

Sasa nije kwenye dhana inayonisumbua kuliko zote, nayo ni ile ya shetani.

Miezi michache iliyopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja wa Nakuru, mwenye watoto wanne. Mwanawe wa kwanza yuko chuo kikuu. Aliporudi nyumbani likizo alimwambia mama yake kwa upole kwamba hataki tena kwenda kanisani, kwa kuwa haamini. Mama alilia, kama mama yeyote angelilia. Akawaeleza wazee wa kanisa. Wazee wakaja nyumbani watu saba, wakamwambia kijana ameingizwa katika ibada ya shetani huko chuoni, wakapekua sanduku lake la nguo wakitafuta pete na vitabu. Walipata kitabu cha biolojia na soksi chafu. Hata hivyo walimshauri mama asimlipie karo ya muhula unaofuata mpaka kijana atubu. Mama aliniuliza: "Ndugu mtangazaji, nimfukuze mwanangu au nifanye nini? Maana wadogo zake wananiuliza kama kaka ni mchawi."

Wasikilizaji, hofu hii ina historia. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 1999. Sisi tuliokuwa shuleni miaka ile tunakumbuka. Msichana akivaa mkufu wenye umbo lisiloeleweka alikuwa mshukiwa. Shule ikiungua ilikuwa shetani, kana kwamba hakuna vijana wenye kiberiti na hasira juu ya maharagwe. Tulikua tukiambiwa kwamba nje ya Mungu kuna mlango mmoja tu, na nyuma ya mlango huo yuko huyo mwenye mapembe.

Lakini tufikiri kidogo. Shetani tunamjua kutoka wapi? Tunamjua kutoka katika vitabu vya dini. Anayemwabudu shetani lazima aamini kwamba yupo, kwamba aliasi, kwamba ana nguvu. Huyo ni mtu wa dini, ila amechagua upande wa pili. Asiyeamini Mungu amemwondoa shetani pamoja naye, na majini, na mizimu, na hirizi ya kiunoni. Kijana yule wa Nakuru ndiye mtu wa mwisho katika mtaa wao kwenda kwa mganga. Nilimjibu mama yake hivyo, nikamwambia na karo ailipe.

Dhana ya pili ni kwamba asiyeamini hawezi kuaminiwa. Kwamba bila jehanamu mtu ataiba, ataua, atazini, nani atamzuia? Hoja hii si ya vibandani tu. Mwanafalsafa mkubwa John Locke, katika waraka wake wa kutetea uvumilivu wa dini uliochapishwa mwaka 1689, alisema uvumilivu huo usiwafikie wasioamini Mungu, kwa kuwa ahadi na viapo haviwafungi. Sheria za Uingereza zikafuata njia hiyo, na kabla ya mwaka 1869 mtu wa namna hiyo hakuweza hata kutoa ushahidi mahakamani kule. Akiibiwa na shahidi ni yeye peke yake, mwizi anakwenda zake.

Mwaka 1880 watu wa mji wa Northampton walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge. Bradlaugh alijulikana nchi nzima kuwa haamini Mungu. Alipofika Bungeni aliomba atoe tamko badala ya kuapa kwa jina la Mungu. Wakakataa. Akasema basi ataapa kama wengine. Wakakataa hilo pia, wakidai kiapo chake hakina uzito. Akawekwa kizuizini katika mnara wa saa, ule ule wa Big Ben. Mwaka uliofuata polisi walimtoa nje kwa nguvu. Kiti kikatangazwa wazi, watu wa Northampton wakamchagua tena. Na tena. Na tena. Aliketi katika kiti chake mwaka 1886, na mwaka 1888 akaipitisha sheria ya kuruhusu tamko badala ya kiapo. Mwezi wa Januari 1891, akiwa kitandani mahututi, Bunge lilifuta katika kumbukumbu zake lile azimio la kumkataa. Siku chache baadaye akafa.

Angalieni kilichotokea hapo. Mtu mwongo angeingia siku ya kwanza, ashike Biblia, aape, aketi, aanze kula posho. Bila shaka walikuwamo waliofanya hivyo na hakuna aliyewauliza kitu. Bradlaugh alihangaika miaka sita kwa sababu alikataa kujifanya. Halafu yeye ndiye aliyeambiwa neno lake haliaminiki! Hata katika mahakama zetu leo, asiyetaka kuapa hutoa tamko, na akisema uongo kifungo ni kile kile cha aliyeapa. Nami nimekaa katika viti vya waandishi mahakamani miaka mingi, nikawaona watu wakiinua Kitabu kitakatifu kwa mkono wa kulia na kusema mambo ambayo hata hakimu aliinamisha kichwa kwa aibu.

Simaanishi kwamba wasioamini ni watu wema kutuliko. Wako wema na wako wabaya. Albania, chini ya Enver Hoxha, ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967 na kujitangaza nchi ya kwanza isiyo na Mungu. Makanisa na misikiti ikageuzwa maghala, viongozi wa dini wakafungwa, wengine wakauawa. Stalin naye huko Urusi alifanya yake. Ukimwambia mtu wa dini habari za vita vya msalaba, ana haki ya kukujibu kwa majina hayo. Na sisi hapa, mwaka 2023, tulifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Wema haukai katika kadi ya uanachama, iwe ya huku au ya kule.

Iko dhana nyingine ninayoisikia sana kwa wasomi wetu, kwamba kutoamini ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika halisi hauwezi. Hayati Profesa John Mbiti, Mkenya mwenzetu, alifungua kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kwa kutangaza kwamba Waafrika ni watu wa dini mno. Wengi wetu tulifundishwa hivyo shuleni. Tulichosahau kufundishwa ni kwamba Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga vikali muda mfupi tu baadaye. Okot aliona kwamba wasomi wa aina hiyo wameichukua miungu ya Kiafrika na kuivika kanzu za Wayunani ili ifanane na Mungu wa Wamisionari.

Okot anasimulia kisa kimoja ambacho mimi hucheka kila nikikikumbuka, ingawa si cha kuchekesha sana. Mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Acholi, ni nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya padre, hivyo swali likatafsiriwa kuwa, ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Sisi tulizaliwa na mama zetu, hatukufinyangwa. Mapadre wakakazana, lazima yuko aliyewafinyanga. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna pepo mbaya aitwaye Rubanga, ambaye humpinda mtu uti wa mgongo akawa na kibyongo. Huyo ndiye afinyangaye watu. Mapadre wakafurahi, wakaandika jina hilo, na watu wakaanza kuhubiriwa kwamba Rubanga ndiye Baba yao wa mbinguni. Kisa hiki hakithibitishi kwamba Waacholi hawakuamini chochote. Kinaonyesha tu kwamba wapo wazee wa Kiafrika ambao swali la nani aliyeumba ulimwengu halikuwahi kuwakosesha usingizi.

Nigeria ilikuwa na Tai Solarin. Mwaka 1956 alianzisha shule ya Mayflower mjini Ikenne, shule isiyo na kanisa wala sala za asubuhi, katika nchi ambayo shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni. Alivaa kaptula na kofia, aliwafundisha watoto kulima chakula chao, na aliwaandikia majenerali ukweli wao magazetini mpaka wakamfunga. Alikufa mwaka 1994. Wazazi Wakristo na Waislamu walipanga foleni kumpelekea watoto wao. Hawakuogopa imani yake, au tuseme kutoamini kwake, maana waliona kazi yake.

Lakini ni Nigeria hiyo hiyo iliyomfunga Mubarak Bala. Kijana huyo wa Kano alipowaambia jamaa zake mwaka 2014 kwamba haamini tena, walimpeleka kwa nguvu hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwezi wa Aprili 2020 alikamatwa kwa maneno aliyoandika juu ya dini, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 24. Mahakama ya Rufani ilipunguza ikawa mitano, naye akatoka gerezani Januari 2025. Mwanawe alizaliwa wiki chache tu kabla ya baba yake kukamatwa. Nawaomba mnaosema kwamba hili ni jambo la majadiliano tu ya wasomi mlipime tena.

Na kwetu je? Mwanzoni mwa mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa rasmi nchini. Kabla mwezi wa Aprili haujaisha, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, akausimamisha usajili huo, kwa maelezo kwamba umewatia wananchi wasiwasi na unahatarisha amani. Nakiri sikuelewa wakati ule, na sielewi hadi leo, ni amani gani itavunjwa na watu wachache waliokaa mkahawani Nairobi wakinywa chai na kubishana. Baadaye usitishaji huo uliondolewa. Katiba yetu ya mwaka 2010 inamtaja Mwenyezi Mungu katika dibaji yake, na wimbo wetu wa taifa ni sala tangu mwanzo, lakini ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa, na ibara ya 32 inamlinda mtu katika dhamiri yake, wala haisemi dhamiri hiyo lazima iwe na madhehebu. Inasema pia kwamba mtu hawezi kunyimwa kazi au nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake, wala kulazimishwa kushiriki jambo lililo kinyume cha imani hiyo. Wenye makampuni mnaolazimisha wafanyakazi kuhudhuria maombi ya Jumatatu asubuhi, hiyo ibara isomeni.

Chama chenyewe, kwa taarifa yenu, mwaka 2021 kilimpoteza katibu wake, ambaye alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Wenzake walitoa tangazo la kumtakia heri katika uhusiano wake mpya, wakamshukuru kwa kazi, wakatangaza nafasi ya katibu kuwa wazi. Najiuliza ni kanisa gani katika mji huu ambalo katibu wake akienda kinyume cha hapo lingemuaga kwa maneno kama hayo.

Limebaki swali moja ambalo wasikilizaji wengi huniuliza kwa simu: watu hawa huzikwa vipi? Huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba maiti wao hubaki barabarani. Nami najua wako watu wanaoendelea kutoa sadaka kwa miaka thelathini bila kuamini neno moja, kwa kuogopa siku hiyo tu, siku ambayo padre atakataa kuja na ukoo utaona haya.

Mwaka juzi nilihudhuria mazishi ya mwalimu mmoja mstaafu huko Machakos. Alikuwa ameacha maandishi kwamba asisomewe ibada, na mkewe, ambaye ni muumini, akaheshimu. Jeneza liliwekwa chini ya mwembe. Wanafunzi wake wa zamani walisema, kisha majirani, kisha mjukuu mmoja akasoma insha iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu ya babu yake, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Jeneza lilipoanza kuteremshwa kukawa kimya, na kimya kile kiliwashinda shangazi zake waliokuwa wamekaa safu ya mbele. Wakaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa Kikamba, mmoja kwanza, kisha wote. Mwana wa marehemu alimgeukia mama yake kama anayetaka kuuliza awanyamazishe. Mama akatikisa kichwa. Wakaimba beti zote, na wachimba kaburi wakasubiri mpaka walipomaliza ndipo wakarudisha udongo.